Kitunguu Saumu Kihesabucho Baridi: Bustani za Usambara na Nchi za Joto

Barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Huanzia kwenye joto la nyika, kando ya reli ya Tanga, katika kimo cha mita mia nne na ushei juu ya usawa wa bahari. Hupita Soni penye maporomoko ya maji, na kufika Lushoto katika kimo cha karibu mita 1,400. Atakayeendelea kupanda kupitia Magamba hadi Shume na Lukozi atavuka mita 1,800. Wanasayansi wa hali ya hewa hukadiria kwamba hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo basi, msafiri atokaye Mombo asubuhi hufika Lushoto akiwa amevuka tofauti ya joto ambayo, kama angesafiri kwa kufuata pwani, ingemlazimu kwenda zaidi ya kilomita 2,000 kuelekea kusini ndipo aipate.

Wasambaa wamelijua jambo hili tangu zamani bila ya kipimajoto. Katika lugha yao Shambaai, yaani nchi ya milimani yenye ubaridi na mvua, ni kitu kimoja, na nyika iliyo chini yake ni kitu kingine kabisa, nchi ya homa na ya njaa. Mazao mengi hupita baina ya nchi hizi mbili bila taabu kubwa. Mahindi huchelewa kidogo juu, huwahi kidogo chini. Maharage vivyo hivyo. Lakini upo mmea mmoja wa jikoni ambao kwake kilomita hizo 33 ndizo zinazotenganisha mavuno na majani matupu. Mmea huo ni kitunguu saumu.

Watu wengi wa nchi za joto wamekwisha kujaribu kukipanda nyumbani. Kichwa kinunuliwacho sokoni hubanduliwa punje zake, punje huchomekwa ardhini, na baada ya siku chache majani ya kijani hutokeza kwa ukunjufu. Miezi mitano hupita. Mwenye bustani anapong'oa hukuta shina nene lililo kama la kitunguu cha majani, au kijitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika punje. Hapo udongo hulaumiwa, au mbegu, au mkono wa mpandaji. Aghalabu vyote vitatu havina kosa.

Jina na asili yake

Jina lenyewe hueleza njia ambayo mmea huu uliingilia Afrika Mashariki. "Saumu" katika kitunguu saumu ni neno la Kiarabu "thum", na watu wa pwani wangali wakisema "thomu", jambo linaloonyesha kwamba zao hili lilifika pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Halina uhusiano wowote na saumu ya Ramadhani, ambayo asili yake ni neno jingine la Kiarabu. Maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu katika kinywa cha Mswahili. Wale waandikao "kitunguu swaumu" katika vibao vya masoko ya Tanzania wameyafunga pamoja maneno ambayo hayakuzaliwa pamoja.

Asili ya mmea ni mbali zaidi kuliko Uarabuni. Wataalamu wa mimea huuita Allium sativum, na wanakubaliana kwamba jamaa zake wa mwituni wako Asia ya Kati, katika nchi za milima ya Tian Shan. Huko majira ya baridi ni makali, theluji hufunika ardhi, kisha majira ya kuchipua huja kwa haraka yakifuatwa na kiangazi kikavu chenye mchana mrefu sana. Mmea ulijifunza kuishi ndani ya ratiba hiyo. Ulipochukuliwa Misri (vichwa vyake vilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita), na kutoka huko ukatawanyika duniani, ulibadilika kwa mengi lakini haukuisahau kabisa ratiba ya kwao.

Mmea unavyohesabu

Punje moja ya kitunguu saumu ikikatwa katikati kwa wembe huonyesha jani nene la akiba, na ndani yake chipukizi dogo lenye ncha inayokua. Ncha hiyo ndiyo inayoamua. Ikipata baridi ya kadiri kwa majuma kadhaa, hasa kati ya nyuzi 5 na 10 za Sentigredi, hubadilika tabia: baadaye, katika makwapa ya majani ya ndani, huanza kutunga macho mengi madogo, na kila jicho hunenepa likawa punje. Isipoipata baridi hiyo, macho hayatungwi. Mmea huendelea kutoa majani tu, au hukusanya akiba yake yote katika ncha moja, na ndiyo sababu ya kile kijitunguu cha mviringo kisicho na punje.

Baridi peke yake haitoshi. Baada yake mmea hungoja joto liongezeke na mchana urefuke ndipo ukijaze kichwa. Katika jimbo la Shandong nchini China, ambako wilaya ya Jinxiang imekuwa mashuhuri kwa zao hili, punje hupandwa mwezi Oktoba, hulala katika baridi, na vichwa huvunwa Mei na Juni wakati mchana umekwisha kupita saa 14. Kusini mwa Ufaransa mchana wa Juni huzidi saa 15. Lushoto, iliyo chini kidogo ya nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, haina mchana wa namna hiyo: tofauti kati ya siku iliyo ndefu kuliko zote na ile iliyo fupi kuliko zote ni kama nusu saa tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya aina na aina. Wataalamu huzigawa aina za kitunguu saumu katika makundi mawili makubwa. Zile za shina gumu hutoa kikonyo kigumu katikati, zina punje chache kubwa zilizozunguka kikonyo hicho, na kwa kawaida hudai baridi kali na mchana mrefu. Hizi ni za kaskazini, na katika bustani ya nchi ya joto huwa ni hasara. Zile za shina laini hazina kikonyo, punje zake ni nyingi na zimepangika kwa tabaka, huhifadhika muda mrefu, na nyingi miongoni mwake huridhika na baridi ndogo na mchana wa wastani. Aina za kienyeji zilizodumu katika miinuko ya Afrika Mashariki zimechujwa na jambo hilo hilo, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa ile isiyoweza kutunga punje katika mchana wa saa 12 haikuacha mbegu ya kupandwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kile kichwa kikubwa cheupe kinachouzwa masokoni kikiwa kimeagizwa kutoka China, nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili za vitunguu saumu vyote vya dunia, ni chakula kizuri lakini ni mbegu ya kubahatisha. Kimekaa miezi katika ghala la baridi, hivyo huchipua kwa nguvu na kumpa mpandaji matumaini. Kisha hungoja mchana mrefu ambao Tanga hauji kamwe. Kichwa kidogo cha kienyeji, chenye ngozi ya rangi ya zambarau na punje nyembamba zinazomchosha mmenyaji, ndicho chenye elimu ya mahali.

Usambara na kalenda yake

Milima ya Usambara imetumika kwa majaribio ya mimea ya kigeni kwa zaidi ya karne moja. Huko Kwai, si mbali na Lushoto, serikali ya Kijerumani ilikuwa na shamba la kupimia mazao na mifugo ya Ulaya katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1902 ikaanzisha taasisi ya utafiti ya Amani katika Usambara ya Mashariki. Viazi mviringo, kabichi, karoti, liki, matunda ya plamu na pea yamekuwa mali ya wakulima wa Lushoto, na malori ya mboga huteremka Soni kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Katika msafara huo kitunguu saumu huchukua nafasi ndogo, kwa kuwa eneo linalojulikana zaidi nchini kwa zao hili ni Mbulu, kwenye miinuko ya Manyara. Lakini kwa mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba ni zao la faida: halihitaji nafasi, halioewi na wezi kama tunda, na gunia moja lina thamani kuliko magunia kadhaa ya kabichi yanayooza njiani.

Siri ya Lushoto ni mpangilio wa majira. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti, miezi ya ukungu na usiku wa baridi. Septemba jua hurudi, na vuli huanza Oktoba au Novemba. Punje zikipandwa mwezi Mei, mvua zinapopungua, mizizi hushika wakati udongo ungali na unyevu. Chipukizi huipata baridi yake katika Juni na Julai. Na hewa inapoanza kupata joto, Agosti na Septemba, huku mchana ukirefuka kwa dakika chache chache, mmea hujaza kichwa. Mavuno hukatwa kabla vuli haijalowesha shamba. Kwa namna hiyo mwaka wa Usambara unauiga, kwa udogo sana, mwaka wa Asia ya Kati: baridi kwanza, joto baadaye, na ukavu mwishoni.

Anayepanda mwezi Oktoba kwa kufuata mazoea ya mahindi huupindua mpangilio huo. Majani yake hukutana na mvua na ukungu, na kichwa hutakiwa kujaa bila ya baridi iliyopaswa kutangulia.

Hata ndani ya kijiji kimoja mahali ni muhimu. Usiku usio na mawingu hewa baridi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya joto, huteremka mabondeni kama maji, na alfajiri bonde huwa na ubaridi kuliko mgongo wa kilima ulio juu yake. Bustani za mabondeni, zinazonyweshwa kwa mifereji, kwa hiyo hupata baridi zaidi, maji karibu na udongo mzito zaidi. Udongo wa migongoni umeoshwa na mvua na mara nyingi una uchachu, hali kitunguu saumu hupenda udongo usio na uchachu mwingi. Wakulima wa Usambara wana dawa ya kienyeji ya udongo uliochoka, nayo ni majani ya tughutu, kichaka kijulikanacho kwa wataalamu kama Vernonia subligera, ambayo hufukiwa shambani yakaoza. Mwaka 2001 watafiti wa kituo cha Mlingano, mkoani Tanga, waliandika juu ya matumizi ya tughutu pamoja na fosfati ya mawe ya Minjingu, mchanganyiko wa kitu kinachoota kwenye mpaka wa shamba na kitu kinachochimbwa nchini. Fosfati hiyo huyeyuka vizuri hasa katika udongo wenye uchachu, na ndio walio nao wakulima wa migongoni.

Yafaa kukumbuka pia kwamba neno "matuta" lina historia katika milima hii. Katika miaka ya 1950 wakulima wengi wa Usambara walipinga vikali kulazimishwa na serikali ya kikoloni kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mpango ule ulivunjika. Tuta la kitunguu saumu ni dogo na la hiari: upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, kimo cha sentimita 15 au 20 ili maji yasituame, nalo hukingama mteremko. Samadi iliyooza vizuri huchanganywa kabla ya kupanda. Samadi mbichi huleta ukungu na majani mengi yasiyo na kichwa.

Jokofu badala ya mlima

Je, mkazi wa Korogwe, Muheza au Tanga mjini afanyeje? Hata Julai usiku wa pwani ni wa joto mno kwa mmea huu. Jibu limekwisha kupatikana nchini Brazil. Huko, katika majimbo ya Minas Gerais na Goiás, wakulima hulima aina bora za kusini, ambazo kwa kawaida zisingetunga punje katika nchi yao yenye joto, kwa kuviweka vichwa vya mbegu katika vyumba vya baridi kwa siku 45 hadi 60 kabla ya kupanda. Mmea hauulizi baridi imetoka wapi. Chipukizi lililolala ndani ya punje huihesabu ya chumbani kama ingekuwa ya mlimani.

Jokofu la nyumbani laweza kufanya kazi hiyo kwa kiasi cha bustani. Vichwa vizima, visivyobanduliwa, huwekwa katika mfuko wa karatasi (si wa plastiki, ambao hukusanya unyevu na kuotesha ukungu) katika sehemu ya chini ya mboga, ambako baridi si kali, kwa majuma sita hadi manane. Havipaswi kuganda. Vikitolewa hupandwa mara moja, kwa sababu vikikaa tena majuma kadhaa katika joto kali, hesabu ya baridi huweza kufutika. Wakati mwafaka wa kupanda pwani ni mwanzo wa kipupwe, hivyo vichwa huingia jokofuni mwezi Aprili.

Baridi ikizidi nayo ina madhara yake. Vichwa vilivyokaa muda mrefu karibu na nyuzi 0 hadi 4 huota mimea inayoharakisha kukomaa, ikatoa machipukizi ya pembeni na vichwa vyenye sura mbaya vilivyopasuka. Wabrazil wameisumbukia hali hiyo kwa miaka mingi, na hupunguza maji na mbolea ya naitrojeni katika majuma ambayo punje zinaanza kujitenga ili kuizuia.

Shule au familia yenye jokofu yaweza kulifanya jambo hili kuwa jaribio la kweli kwa gharama ndogo. Vichwa vya aina moja ya kienyeji hugawanywa mafungu matatu: la kwanza halipati baridi, la pili hupata majuma manne, la tatu majuma manane. Yote hupandwa siku moja, katika tuta moja, kwa nafasi sawa na maji sawa. Wakati wa kuvuna huhesabiwa ni mimea mingapi ya kila fungu imetunga punje, na uzito wa vichwa huandikwa daftarini. Bila ya fungu la kwanza, lile lisilopata baridi, jaribio halithibitishi kitu. Na hilo ndilo fungu ambalo watu hupenda kuliacha.

Vile vijitunguu vya mviringo visivyo na punje visitupwe. Huliwa kama kawaida na humenyeka kwa urahisi. Na vikipandwa msimu ufuatao mahali penye baridi, huzaa vichwa kamili. Hata majani ya mmea ulioshindwa kutunga kichwa ni kiungo kizuri cha mchuzi.

Mbegu isiyo mbegu

Kitunguu saumu hakizai mbegu ya kawaida. Maua yake, pale yanapotokea, ni tasa. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo mtafiti wa Kijapani Takeomi Etoh alipokusanya kutoka Asia ya Kati mimea michache iliyokuwa bado na uwezo wa kuzaa mbegu. Kwa mkulima wa kawaida kila punje ni kipande cha mama yake, na kichwa cha kienyeji cha Usambara ni mwili ule ule ulioshikwa na babu na bibi wa mwenye bustani, ukikatwa na kupandwa upya kila mwaka.

Jambo hili lina wema na ubaya. Wema ni kwamba tabia haipotei: aina inayofaa hubaki inafaa. Ubaya ni kwamba magonjwa hayapotei pia. Virusi, hasa vile vinavyodumaza vitunguu na kuchora michirizi ya manjano katika majani, hubebwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea, na vikiisha kuingia katika punje hupita kwa watoto wake wote. Mmea haufi, hupungua. Kichwa hupungua mwaka hata mwaka, na mkulima husema kwamba mbegu "imechoka". Nchini Ufaransa tangu miaka ya 1970 watafiti walionyesha kwamba ncha ndogo kabisa ya chipukizi, isiyofikiwa na virusi, yaweza kukatwa na kukuzwa katika chupa ya maabara hadi iwe mmea safi, na mimea hiyo huzaa zaidi kuliko ndugu zake wagonjwa. Nchini Tanzania njia kama hiyo imekwisha kutumika kwa migomba. Nchini Ethiopia kituo cha Debre Zeit kilichagua kutoka katika vitunguu saumu vya nchi yenyewe aina zilizopewa majina, kama Tsedey 92 na Bishoftu Netch. Aina za Usambara bado hazina majina ya namna hiyo. Huitwa za kienyeji tu, kana kwamba zote ni moja.

Kwa sasa dawa ya mwenye bustani ni jicho lake. Mimea iliyodumaa au yenye michirizi hutiwa alama ya kijiti ingali shambani, ikaliwa yote, isibakizwe mbegu. Vichwa vya mbegu huchaguliwa kuwa vile vikubwa vilivyotoka katika mimea yenye afya. Desturi ya kuuza vikubwa na kupanda vidogo vilivyobaki hueleweka kwa mwenye shida ya fedha, lakini ndiyo inayoichosha mbegu upesi kuliko kitu kingine chochote.

Adui anayelala

Magonjwa ya majani, kama kutu yenye vumbi la rangi ya chungwa na baka la zambarau, hupunguza mavuno, na huzuiliwa kwa kutopanda msongamano na kwa kunywesha chini, si juu ya majani. Thiripi, wadudu wadogo wanaojificha katika makwapa ya majani na kuyageuza rangi ya fedha, huzidi wakati wa ukavu. Hayo yote hupita pamoja na msimu wake.

Uozo mweupe haupiti. Ukungu huu hushambulia jamaa yote ya vitunguu, pamoja na liki, na huacha udongoni vidonge vyeusi vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Vidonge hivyo huweza kulala miaka 20 au zaidi, bila chakula, vikingoja. Mwaka 1969 Coley-Smith na King nchini Uingereza walieleza kinachoviamsha: ni harufu yenyewe. Mizizi ya kitunguu hutoa udongoni michanganyiko ya salfa, na viumbe vidogo vya udongo huigeuza kuwa mivuke ile ile inayokaribiana na harufu ya jikoni. Vidonge huinusa, huamka na kuushambulia mzizi. Katika udongo ulioota maharage au mahindi haviamki. Kutokana na ugunduzi huo watafiti wa nchi kadhaa wamejaribu kuuhadaa ukungu kwa kumwaga dondoo ya kitunguu saumu katika shamba tupu: vidonge huamka, havikuti mzizi, hufa. Njia hii hupunguza idadi yao sana, ingawa haivimalizi.

Sasa, ukungu huu hustawi udongo ukiwa na nyuzi 14 hadi 20, na hupoa nguvu udongo unapozidi nyuzi 24. Maana yake ni kwamba hauwezi kuishambulia sana bustani ya Mombo, ambako kitunguu saumu chenyewe hakitaki kukaa. Lakini udongo wa Lushoto wakati wa kipupwe unaufaa barabara. Umekwisha kuharibu mashamba mengi katika miinuko ya Ethiopia. Katika mabonde ya Usambara, ambako mfereji mmoja hunywesha bustani nyingi zilizopangana kuelekea chini, vidonge vilivyoingia kwa jirani wa juu husafiri kwa maji, kwa jembe la kuazima na kwa matope ya viatu hadi kwa jirani wa mwisho. Mtu mmoja anayepanda punje za sokoni asizojua zilikotoka huliweka bonde zima hatarini, na gharama yake italipwa na watoto wa wenzake.

Dalili zake ni hizi: majani hugeuka manjano kuanzia ncha, mmea hung'oka bila nguvu, na kitakoni mwa kichwa huonekana uzi mweupe kama pamba wenye nukta nyeusi. Mmea huo hung'olewa pamoja na udongo unaouzunguka, huchomwa moto mahali pakavu, wala hautiwi katika shimo la mboji. Zana zisioshwe mferejini. Bwana shamba huarifiwa, na mahali pale hapapandwi jamii yoyote ya vitunguu. Mwenye bustani safi hana kinga iliyo bora kuliko kutumia mbegu yake mwenyewe, au ya jirani ambaye shamba lake amelitembelea mmea ukiwa bado umesimama.

Kupanda na kuvuna

Punje hubanduliwa siku ya kupanda, bila kumenywa. Zile kubwa za nje hupandwa. Ndogo za ndani huenda jikoni. Kila moja huchomekwa ncha juu, kitako chini, kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake. Matandazo ya majani makavu huwekwa mara moja, kwa kuwa mizizi ya kitunguu saumu ni mifupi na haishindani na magugu. Maji hutolewa kidogo kidogo bila kukatizwa hadi kichwa kinapojaa, kisha hukomeshwa kabisa majuma mawili au matatu kabla ya kuvuna.

Siku ya kuvuna huonekana katika majani. Kila jani la kijani lina ala yake inayoshuka hadi kukizunguka kichwa na kuwa ngozi moja ya kukifunika. Jani likikauka, ngozi yake huanza kuoza udongoni. Majani ya chini yakiwa yamekauka na ya juu matano au sita yangali ya kijani, kichwa kina ngozi za kutosha. Akingoja yakauke yote, mkulima hung'oa punje zilizotawanyika zisizo na vazi, ambazo hazikai mwezi.

Vichwa haviachwi juani. Huanikwa kivulini penye upepo kwa majuma mawili hadi matatu pamoja na majani yake, kisha vile vya shina laini husukwa kama ukili na kutungikwa. Harufu kali haimo ndani ya punje nzima: ndani mna alini, isiyo na harufu, na kimeng'enya kilichotengwa nayo katika chumba kingine cha seli. Kisu kinapovunja kuta, viwili hivyo hukutana na kuzaa alisini, ambayo Cavallito na Bailey waliitenga nchini Marekani mwaka 1944 na kuonyesha kwamba huua bakteria. Kwa hiyo mpishi anayetaka ukali wake hutwanga na kungoja dakika chache kabla ya kutia motoni, maana moto hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi.

Vichwa vya kula vyaweza kukaa darini juu ya meko, moshi ukivikausha. Vile vya mbegu hutengwa. Huko juu ya moto joto huwakausha na kuwalegeza, na punje huchipua kwa kuchelewa na bila mpango. Husukwa fungu lao, hutungikwa upande wa nyuma wa nyumba, chini ya upenu usiofikiwa na mvua, nao hukaa hapo hadi mwezi Mei.